Mgomba wa Walubengo

Wazee wa ukoo walimpa Phelista mpaka Jumamosi. Walikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba yake huko Sirisia, wakanywa chai, wakasifu viazi vitamu vyake, wakaulizana habari za mvua. Kisha Mukhwana, mdogo wa marehemu mumewe, akaweka kikombe chini na kusema lililowaleta.

"Shemeji, Walubengo ametimiza miaka saba tangu apotee. Tumengoja vya kutosha. Mwaka huu ni wa tohara, na Agosti vijana wetu wanaingia mtoni. Hatuwezi kuwatahiri kwenye boma ambalo mtu wake mmoja hayuko kwa walio hai wala kwa waliokufa. Jumamosi tunazika mgomba."

"Zikeni mgomba wenu kwenu," Phelista akajibu. "Mwanangu ako hai."

"Ako wapi sasa?"

"Ningejua si ningekuwa nimemwendea?"

Kwao, mtu akipotea na mwili wake usionekane, hukatwa shina la mgomba, likavikwa nguo zake, likalazwa kaburini na kuliliwa kama mtu. Siku hiyo anakuwa amekufa. Jina lake linaweza kupewa mtoto mchanga, na mke wake anakuwa mjane kama wajane wengine. Phelista alikuwa amekosana na mpwa wake mwaka uliopita kwa sababu mpwa huyo alitaka kumwita mtoto wake Walubengo. "Subiri mwenye jina aliache kwanza," alimwambia, na tangu hapo hawakusalimiana.

Lakini jina halikumuuma kama jambo la mke. Everlyne, mke wa Walubengo, alikuwa amebaki. Wenzake wa rika lake wangekuwa wameondoka mwaka wa pili. Yeye alibaki akauza mboga sokoni, akamlea binti yao Lenah, na kila jioni akamwekea mama mkwe maji ya moto kwenye beseni, akamkanda miguu iliyovimba. Fundi mmoja wa mbao kutoka Kanduyi, aliyefiwa na mkewe, alikuwa amekuja mara mbili kumwongelesha. Mara zote mbili Everlyne alimpa kiti, akampa chai, akamwambia, "Mimi nina bwana."

Hakuna aliyejua kwa nini alisema hivyo kwa uhakika namna ile, isipokuwa Phelista. Miaka mitatu nyuma, Everlyne alikuwa amefunga nguo zake kwenye shuka. Alikuja kuaga, akalia, akapiga magoti. Phelista akamwambia, "Alinipigia simu. Jana. Aliita 'Mama,' kisha ikakatika." Everlyne alifungua shuka siku ileile. Simu kweli ilikuwa imelia. Aliyepiga alikuwa mwanaume asiyemjua, akitafuta mtu wa kununua mbegu za maharagwe.

Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya siku ya wazee, simu ikalia kutoka Kitale. Alikuwa Wanjala, mwana wa jirani, anayefanya kazi kwenye mochari ya hospitali moja huko.

"Mama, sitaki kukushtua," akasema. "Kuna mwanaume hapa. Aliokotwa stendi akiwa mgonjwa, akakaa wodi wiki mbili hawezi kutaja jina. Amekufa Jumanne. Umri ni kama wa Walubengo, na ako na kovu mguu wa kushoto. Sijasema ni yeye. Akiondoka mimi nilikuwa bado shule, sura imenitoka. Lakini nikiwa na mtu hapa na mimi najua wewe unatafuta, nitanyamaza aje?"

Walubengo alikuwa na kovu mguu wa kushoto. Alijikata na jembe akiwa na miaka kumi na miwili. Na alipotoka nyumbani mara ya mwisho alikuwa anaelekea hukohuko Kitale, kuendesha trekta kwenye mashamba ya mahindi msimu wa kulima.

Everlyne alipiga pasi suruali na shati la mumewe, akazitia kwenye mfuko. Akachemsha mayai mawili, akayafunga kwa gazeti. "Kama si yeye, utarudi nazo," alisema kuhusu nguo, bila kumwangalia mama mkwe wake.

"Twende wote?" akauliza.

"Mmoja abaki na Lenah," Phelista akasema.

Huko mochari kulikuwa na baridi, na jua lilikuwa upande wa pili wa ua. Wanjala alipomwona alitoka mbio, akamshika mkono wa kushoto kwa mikono miwili. Kulikuwa na mama mwingine ameshakaa kwenye benchi kivulini. Wanjala akamwomba asimame kidogo, akalibeba lile benchi mwenyewe mpaka juani, akalipangusa vumbi kwa kiganja.

"Kaeni hapa, akina mama. Daktari anaweka sahihi karatasi, halafu nitawaita."

Yule mama alikuwa mrefu, mkavu, amevaa sweta ya kijani na viatu vya mpira vyenye matope mekundu. Alitoa chupa ya chai kwenye kikapu, akamimina kwenye kifuniko, akampa Phelista kabla hata ya kujitaja jina.

"Kunywa. Hapa nje ni baridi, na huko ndani ni baridi zaidi." Akacheka kidogo peke yake. "Mimi ni Jepkemboi. Natoka Endebess. Na wewe umekuja kuangalia huyo?"

"Huyo gani?"

"Si huyo wa kovu."

Phelista alishika kile kifuniko cha chai asinywe. Alijisikia kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mgeni amelala kitandani mwake.

"Wako ana kovu?" akauliza.

"Mguu wa kushoto. Alimwagikiwa na uji akiwa mdogo. Kipkemei. Ni miaka tisa sasa. Alitoka na koti la mvua, akasema Jumapili nitakuwa nyumbani." Jepkemboi aliongea kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Wako?"

"Walubengo, wa Sirisia. Saba."

"Saba bado ni mapema," Jepkemboi akasema. "Miaka hiyo yote ulikuwa ukiangalia visogo vya watu?"

Phelista akakizungusha kifuniko cha chai mkononi.

"Mimi naviangalia mpaka leo. Harusi, mazishi, kanisani. Wengine wanaangalia mhubiri, mimi nahesabu visogo vya wanaume. Siku moja hapa Kitale nilimfuata mtu kutoka posta mpaka karibu na sokoni, nikamshika bega. Akageuka, mzee mzima, ndevu nyeupe! Akaniambia, 'Mama, unataka nini?' Nikamwambia naomba kujua saa."

Alicheka tena. Phelista alitazama ukuta. Yeye aliwahi kumfuata mtu Bungoma, siku ya soko, kwa sababu ya kisogo. Alimwita kwa jina mara tatu mbele ya watu. Hakuwahi kumweleza mtu yeyote, hata Everlyne. Alilificha jambo lile kama wengine wanavyoficha ugonjwa, na moyoni aliamini kwamba Mungu amewapa mama wengine misiba ya kawaida, yeye akampa huu wa peke yake. Sasa mtu asiyemjua, mwenye matope viatuni, alikuwa ameketi juani akiutoa nje kama hadithi ya kupotezea wakati.

Watu husema ukisikia mwenzako amepita ulipopita, mzigo unapungua. Wake haukupungua. Aliona tu jinsi ulivyo mdogo na jinsi ulivyo wa kijinga, mama mzee akikimbiza kisogo cha mtu.

"Chai inapoa," Jepkemboi akasema kwa upole.

Phelista akanywa. Ilikuwa na maziwa mengi, na tangawizi. Akatoa mayai yake, akampa moja. Wakamenya wakila kimya, maganda wakiyaweka kwenye gazeti, na kwa muda mfupi ule angeweza kumpenda yule mama.

"Alikuwa ameoa?" Phelista akauliza.

"Alikuwa. Msichana mzuri wa Kapsara, bana, mkono wake ulikuwa mwepesi. Ng'ombe alikamua yeye, maji alichota yeye. Miaka minne. Halafu akaanza kukaa mlangoni akiangalia barabara, nikajua anataka kwenda." Jepkemboi alipangusa kiini cha yai kwenye kidole. "Nikamdanganya. Nikamwambia Kipkemei amenipigia simu."

Phelista aliacha kutafuna.

"Hakupiga. Mimi nilitaka tu mtu wa kunisaidia kungoja. Kungoja peke yako ni kubaya. Mkiwa wawili angalau mwingine akichoka unamkasirikia."

"Hiyo si vizuri," Phelista akasema.

"Si vizuri."

"Ni dhambi hiyo, mama Kipkemei. Mtoto wa watu! Unamfunga mtoto wa watu na uongo?" Sauti yake ilipanda, mpaka Wanjala akachungulia mlangoni. "Hata kama ni uchungu. Hata kama! Mimi siwezi."

Jepkemboi alimwangalia kwa muda. Hakukasirika. Alimwangalia hivyo hivyo, kama mtu anayetambua sura kwa mbali, kisha akainamisha macho, akamhurumia. Phelista aliona kwamba amehurumiwa, na akamchukia kwa hilo.

"Alijua mwishoni," Jepkemboi akaendelea polepole. "Sijui nani alimwambia. Hakunitukana. Siku aliyoondoka alifua nguo zangu zote kwanza, hata mablanketi, akazianika. Mimi niko shambani sijui kitu. Nikarudi jioni, naona kamba imejaa, nafurahi, nasema huyu msichana leo ana nguvu. Naita jina lake. Hakuna mtu."

Wanjala alitoka na karatasi. "Tuko tayari, akina mama. Mmoja mmoja. Nani anatangulia?"

"Tangulia wewe, mama Walubengo," Jepkemboi akasema. "Umetoka mbali."

"Wewe ulifika kwanza."

"Wewe ni mkubwa."

"Miaka tisa ni mingi kuliko saba. Enda."

Jepkemboi alisimama, akafunga kitambaa chake kichwani upya, akaingia. Phelista alibaki na chupa ya chai na kile kifuniko. Akaanza kuomba. Alijua kabisa anachoomba. Kama huyu si Walubengo basi ni mtu wa mama mwingine, na mama mwingine alikuwa pale ndani na sweta yake ya kijani. Aliomba hivyohivyo. Awe wake, Bwana. Awe wa huyo mama.

Kilio kilipotoka kilikuwa kifupi, kama mtu aliyejigonga mguu. Kisha kikarudi kirefu.

"Asante Yesu," Phelista akasema kwa sauti.

Wanjala alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia. Aligeuza uso wake akaangalia lango, na mpaka leo hajawahi kumtajia mtu neno lile.

Jepkemboi alipotoka alikaa chini, si kwenye benchi, kwenye saruji. Alionekana amekonda kwa dakika chache zile. "Ni yeye," alisema. "Kovu la uji. Na sikio lake, sikio la babake." Akalia, akanyamaza, akaanza kufikiria kama wafiwa wanavyofanya, mambo madogo madogo. "Lazima nimpigie kaka yake. Gari. Na nguo... Sikubeba nguo. Sikuamini, ndiyo sababu. Wamemfunga shuka la hospitali tu. Nitamtoaje na shuka la hospitali?"

Macho yake yakashuka mpaka kwenye mfuko wa Phelista. Kola ya shati ilikuwa inaonekana, imepigwa pasi vizuri.

Hakuomba. Phelista alijua kinachohitajika, na mkono wake ukafunga mdomo wa mfuko, ukaushikilia. Hakuweza. Kumtolea nguo zile mtu mwingine kungekuwa kusema jambo ambalo hajasema miaka saba. Mwishowe Wanjala akavua sweta yake mwenyewe ya buluu, iliyotoboka kiwiko, akaikunja na kumpa Jepkemboi. "Mama, hii itamtosha kwa sasa mpaka kaka yake aje," alisema. "Mimi nina koti ndani." Hakuwa na koti. Phelista alimwona baadaye akijikunyata karibu na jiko la walinzi.

"Na wewe, mama?" Wanjala akamuuliza. "Utaangalia, ndio moyo utulie?"

Akaingia. Mwanaume alikuwa amelala, amekonda, kidevu juu. Wanjala alifunua mguu wa kushoto. Kovu lilikuwa pana, linang'aa, kuanzia goti mpaka katikati ya muundi. Kovu la moto. La Walubengo lilikuwa dogo, juu ya vidole. Mtoto angeweza kuona kwamba hayafanani.

Phelista aliinama, akashika vidole vya ule mguu. Akaviangalia. Akavipapasa juu, akitafuta kovu la jembe. Akarudia. Kulikuwa na mikunjo tu ya ngozi, akaikandamiza kwa dole gumba kama anayeweza kuifanya iwe kovu.

"Mama," Wanjala akasema taratibu. "Huyu ameshapatiwa mwenyewe."

"Naangalia tu."

"Mama. Huyu ni wa Endebess."

Hapo ndipo alipojua alichokuwa akikifanya. Robo saa haikuwa imepita tangu aombe asiwe wake. Sasa alikuwa anamtamani. Alimwonea wivu mama aliyekaa kwenye saruji nje analia, kwa sababu yeye atarudi nyumbani na mtu wa kumlaza mahali. Ukiona mama anaomba maiti, mwanawe hamngoji tena. Alikuwa ameacha kumngoja zamani, pengine siku ileile aliyotunga habari ya simu. Everlyne ndiye aliyekuwa akimshikilia asiondoke.

Alipotoka nje Jepkemboi aliinua mkono. "Nipe namba yako, dada. Tuongee. Wewe ndiye unajua."

"Simu yangu imezima," Phelista akasema, na ilikuwa imewaka mfukoni mwake. Akamwachia lile benchi na jua lake.

Everlyne alikuwa amemngoja langoni Sirisia. Aliuona mfuko, akaona nguo zimo.

"Si yeye?"

"Si yeye."

Everlyne alisema asante Mungu, lakini mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyeambiwa apande tena mlima alioushuka. Phelista hakuwahi kuyaangalia mabega yale. Siku zote aliangalia mikono, kwa sababu mikono ndiyo iliyomletea kitu. Wakaingia ndani. Maji yalikuwa tayari kwenye beseni. Everlyne alipiga magoti, akaanza kuzikanda zile nyayo.

"Everlyne."

"Mama."

"Ile simu. Hakupiga."

Mikono ikasimama ndani ya maji.

"Aliyepiga alikuwa anatafuta maharagwe. Ulikuwa umefunga nguo. Niliogopa kubaki."

Jogoo alipita mlangoni, akachungulia, akaenda. "Nilimwambia Lenah," Everlyne alisema mwishowe. "Nilimwambia babake anaongea, ni simu tu ilikatika. Ameandika shuleni, kwa insha. Mwalimu akamsomea darasa." Akavuta pumzi. "Miaka mitatu, mama. Mimi nina thelathini na sita sasa."

"Najua."

"Hujui."

Akamaliza kuukanda mguu wa kulia, akaupangusa kwa kitambaa mpaka katikati ya vidole, kama kila siku. Hakuinua uso hata mara moja. Phelista angependa zaidi atukanwe.

Jioni hiyohiyo alivuka shamba mpaka kwa Mukhwana, akamkuta akinoa panga. "Kata mgomba," akamwambia.

Wakazika Jumamosi, saa nane mchana, pembeni mwa kaburi la mumewe. Mchungaji alikuwa amesema yeye hawezi kuombea ndizi, ila atakuja baadaye kunywa chai na wafiwa, na alikuja kweli, akakaa mpaka mwisho na kula vizuri. Shina lilivikwa ile suruali na lile shati. Mukhwana alilia kwa sauti, na haikuwa ya kuigiza, kwa maana alimpenda yule kijana. Lenah alisimama na nguo ya shule kwa sababu ndiyo safi aliyokuwa nayo. Mama mmoja wa Bokoli, ambaye mwanawe alipotea pia, alimshika Phelista mkono akaanza, "Hata mimi wangu..." Phelista akauondoa mkono wake. "Usiniambie," alisema. "Tafadhali, mama. Leo usiniambie."

Watu walipokuwa wakikusanya viti, Everlyne alimfuata nyuma ya jikoni. Alikuwa amenyolewa kama mjane, kichwa kikionekana kidogo kama cha msichana.

"Mama, mwezi ukiisha nitaenda Kanduyi, kwa yule fundi."

"Sawa."

"Nataka kwenda na Lenah."

Phelista aliona mambo yalivyo. Mtoto ni wa ukoo wa babake, kila mtu pale angesema hivyo. Ingetosha amwambie Mukhwana neno moja tu na Lenah angebaki, na Lenah akibaki, Everlyne asingekwenda mbali, au asingekwenda kabisa. Neno lilikuwa jepesi kuliko lile la simu.

Mukhwana mwenyewe alikuwa anakuja, amesikia jina la mtoto. "Kuna nini hapa? Huyu mtoto aende wapi? Shemeji, si huyu ndiye amebaki wa Walubengo?"

"Ndiye," Phelista akasema.

"Basi anakaa."

"Anaenda na mamake."

"Shemeji, uchungu unakusumbua. Tuongee kesho."

"Hakuna kesho. Mimi ndiye nilizaa babake na mimi ndiye nasema. Mtoto anaenda."

Mukhwana alimwangalia Everlyne, akamwangalia Phelista, akafyonza, akarudi kwa wageni akinung'unika kwamba wanawake wa boma hili wamekuwa wazee wa ukoo. Everlyne alibaki amesimama. Hakushukuru, na Phelista hakungoja shukrani. Alichukua sufuria za watu zilizoazimwa, akaketi kwenye kigoda, akaanza kuzisugua kwa majivu.

"Kila moja irudi kwa mwenyewe kabla ya giza," akamwambia Everlyne. "Ile kubwa ni ya mama Wekesa. Nitaipeleka mimi."